Toleo Letu la Office Limepitwa na Muda: Tuhame au Tubaki?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mhasibu katika ofisi ndogo yenye kompyuta saba. Zote zina Office 2016, nasi tumeizoea kiasi kwamba hakuna anayefikiria tena kitufe gani kiko wapi. Wiki mbili zilizopita fundi wetu wa kompyuta alimwambia mkurugenzi kwamba toleo hilo halihudumiwi tena na watengenezaji wake, na kwamba hatuna budi kuhamia toleo jipya. Amependekeza aje Ijumaa ya mwisho wa mwezi, afute la zamani na kusakinisha jipya kwenye kompyuta zote kwa siku moja. Mkurugenzi amenikabidhi kazi ya kuandika pendekezo: tuhame au tubaki, na kama tunahama, tuhamie wapi.

Kusema kweli sijui niegemee upande gani. Mzee wetu wa masjala, ambaye ninamheshimu sana, amekataa katakata. Anakumbuka tulipoachana na toleo la 2003: menyu zote alizozijua zilitoweka, akakaa wiki kadhaa akitafuta mahali pa kubonyeza ili tu aprinti barua. Anasema kwamba programu inayofungua na kuandika haina ugonjwa, na asiyeumwa hapelekwi hospitali. Kijana wetu wa mauzo naye anataka toleo jipya hata kesho, tena amesema ana rafiki anayeweza kutuwekea bila kulipia leseni.

Hofu yangu mimi ni faili la mishahara. Lilitengenezwa na mhasibu aliyenitangulia, jina lake linaishia na .xls, na lina makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili ili Excel iyatekeleze yenyewe. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna kitufe kilichoandikwa KOKOTOA. Nikikibonyeza, hati za mshahara za watu wote zinajitengeneza moja baada ya nyingine. Sijui ndani yake kuna nini, kwa sababu makro hizo zimefungwa kwa nenosiri, na aliyelijua aliondoka nalo alipohamia kazi nyingine. Kitufe hicho kikigoma, watu hawalipwi.

Hata hivyo, kubaki nako kumeanza kutuumiza. Mwezi uliopita mkaguzi wetu wa hesabu alitutumia faili la Excel. Namba zilionekana vizuri, lakini nilipobadilisha kiasi kimoja tu, kisanduku cha jumla kikaandika #NAME?, na nilipotazama fomula yake nikaona imeanza na herufi _xlfn ambazo sijapata kuziona maishani. Juzi tena tulipokea mkataba wa kurasa 12 ambao kwetu ulifunguka ukiwa na kurasa 13, sehemu ya saini ikiwa imesukumwa peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Mteja alikataa kusaini karatasi isiyo na hata sentensi moja ya mkataba, na sikuweza kumlaumu.

Naomba unisaidie kuamua, maana pendekezo nitakaloliandika litakuwa na jina langu chini yake.

Ni mimi,
Mhasibu Mwenye Mashaka


Ndugu Mhasibu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jibu langu ni kwamba mhame, lakini msihame Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wala msihame kompyuta zote saba kwa siku moja. Kati ya watu uliowataja hakuna aliye na makosa matupu. Fundi amepatia kuhusu toleo na amekosea kuhusu siku. Mzee wa masjala ana kumbukumbu sahihi ya jambo ambalo halitajirudia kwa namna ile. Nawe umeliona tatizo lenyewe, ambalo ni lile faili la mishahara. Kijana wa mauzo nitamjibu mwishoni, kwa kifupi.

Nianze na maneno ya fundi kwamba toleo halihudumiwi tena, kwa kuwa mara nyingi husemwa bila kufafanuliwa, na msikilizaji akabaki akidhani kwamba programu itazimika. Haitazimika. Huduma kwa Office 2016, pamoja na Office 2019, ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na siku iliyofuata programu zilifunguka kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama, yaani tundu litakalogunduliwa ndani ya Word au Excel ya 2016 baada ya tarehe hiyo linaweza kubaki wazi daima, hali wenye nia mbaya wanaweza kusoma marekebisho yaliyotolewa kwa matoleo mapya na kukisia ni wapi toleo la zamani limeachwa bila kinga.

Ili mzee wa masjala asione kwamba hayo ni vitisho vya wauzaji, mweleze kisa kimoja kilicho wazi. Ndani ya Office kulikuwa na kifaa kidogo cha kuandikia milinganyo ya hisabati, kilichotengenezwa mwaka 2000 na kubaki humo mwaka baada ya mwaka bila kuguswa. Mnamo Novemba 2017 ilitangazwa kwamba kina tundu linalomwezesha mdukuzi kuendesha programu yake ndani ya kompyuta ya mtu kwa kumtumia tu waraka wa Word. Mpokeaji hakuhitaji kuruhusu makro wala kubonyeza kiungo chochote. Kuufungua waraka kulitosha. Marekebisho yalitolewa mwezi huohuo, na Januari 2018 kifaa chenyewe kikaondolewa kabisa. Lakini kompyuta ambazo hazikusasishwa ziliendelea kushambuliwa kupitia mlango uleule, hata mamlaka za usalama wa mtandao za Marekani, katika tangazo lao la Mei 2020, zikautaja udhaifu huo miongoni mwa kumi uliotumiwa zaidi kati ya 2016 na 2019. Mzee anaposema programu haina ugonjwa, anazungumzia anachokiona kwenye skrini, na ugonjwa wa aina hii hauonekani hapo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila kompyuta ni hili: nani anafungua viambatisho kutoka kwa watu wasiojulikana? Katika ofisi nyingi ni mtu wa mapokezi, mtu wa mauzo na mhasibu anayepokea ankara. Hao ndio wa kuhamishwa kwanza. Kompyuta isiyounganishwa na intaneti na isiyopokea flashi za wageni inaweza kusubiri, na nitakuonyesha hapa chini kwa nini ninataka moja ya namna hiyo ibaki.

Sasa tuje kwenye hofu ya mzee, ambayo naomba usiipuuze mbele ya mkurugenzi. Kilichompata ni kweli. Toleo la 2007 liliondoa menyu za kushuka katika Word na Excel, ambazo watu walikuwa wamezikariri kwa miaka mingi, likaleta utepe ule wa vitufe ulio juu ya ukurasa, na watu wengi wenye ujuzi wa muda mrefu wakajikuta wanafunzi upya. Lakini utepe huo ndio anaoutumia leo katika 2016, na ndio atakaoukuta katika matoleo mapya. Rangi zimepoa, kona zimeviringwa, baadhi ya vitufe vimesogea kidogo. Anayeandika barua, kuihifadhi na kuiprinti atakuta kila kitu mahali pake kabla ya chai ya asubuhi kupoa. Mkalishe mbele ya kompyuta ya kwanza itakayosakinishwa, mwache aandike barua moja halisi ya kazi, asiharakishwe na mtu. Nina imani kwamba nusu saa hiyo itafanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Yapo mambo mawili ambayo mzee anapaswa kuonyeshwa mapema, kwa sababu hayo ndiyo yatakayomshtua. La kwanza ni kwamba anapohifadhi waraka mpya, programu itapendekeza kwanza kuuweka kwenye wingu, yaani OneDrive, hifadhi ya Microsoft iliyo kwenye intaneti, na asipochagua kompyuta yake mwenyewe atautafuta waraka huo kwenye folda zake asiuone. La pili linawahusu watakaotumia Microsoft 365, ile ya kulipia kila mwezi au kila mwaka: faili lililo kwenye OneDrive linajihifadhi lenyewe kila mara mtu anapoandika. Mtu wa masjala ana mazoea ya kufungua barua ya mwaka jana, kubadilisha jina na tarehe, kisha kuihifadhi kwa jina jipya. Akifanya hivyo huku uhifadhi wa papo kwa papo umewashwa, barua ya mwaka jana itakuwa imeshafutika chini ya mikono yake kabla hajafika kwenye kuipa jina. Historia ya matoleo ya faili itamsaidia kuirudisha, lakini ni heri afundishwe kutengeneza nakala kwanza, ndipo aandike.

Nikija kwenye faili la mishahara, hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa karani wa malipo katika ofisi moja ambako tulibadilishiwa programu Alhamisi jioni, mishahara ikiwa inatakiwa Ijumaa. Asubuhi nilifungua faili, nikabonyeza kitufe, kikatokea kisanduku cha maneno kilichozungumzia msimbo na mifumo ya biti 64, kisha hakuna kilichoendelea. Fundi alikuwa ameshaondoka na toleo la zamani lilikuwa limeshafutwa. Tulikokotoa kwa kikokotoo na kalamu hadi usiku, watu wakalipwa Jumatatu, na nilipopita kwenye korido siku hiyo sikuweza kuwatazama machoni madereva na wahudumu waliokuwa wamepanga kulipa kodi za nyumba zao wikendi ile. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kwamba hakuna aliyefikiria kulijaribu lile faili kabla.

Yanayoweza kulikwamisha faili la namna yako yanajulikana, na yote yanaweza kupimwa kabla ya siku yenyewe. Tazama kwanza Excel yako ya sasa ni ya biti 32 au 64, maana programu ileile hutengenezwa kwa namna hizo mbili. Ingia kwenye sehemu ya faili, kisha akaunti, kisha maelezo kuhusu Excel, nayo itaandika pale juu. Office 2016 ilikuwa ikijisakinisha kwa biti 32 usipochagua vinginevyo, ilhali kuanzia toleo la 2019 chaguo la kawaida limekuwa biti 64. Makro nyingi hazijali tofauti hiyo. Zinazojali ni zile zinazoita moja kwa moja kazi za Windows, kwa kuwa matamko yake yanahitaji neno PtrSafe, ambalo waandishi wa zamani hawakuliweka. Ikigundulika kwamba lako ni la aina hiyo, fundi anaweza kusakinisha toleo jipya la biti 32 kwenye kompyuta yako, jambo linaloruhusiwa kabisa, na ukapata nafasi ya kulirekebisha faili bila presha.

Jambo la pili ni kitufe chenyewe cha KOKOTOA. Vitufe vya Excel ni vya aina mbili, na kwa macho vinafanana. Aina moja hutumia teknolojia iitwayo ActiveX, ambayo katika Office 2024 imezimwa tangu mwanzo kwa sababu za usalama. Kitufe cha aina hiyo kitaonekana palepale, na maandishi yake yaleyale, lakini ukikibonyeza hakitaitika, kama picha ya kitufe iliyobandikwa ukutani. Mtu asiyejua anaweza kuhangaika siku nzima akidhani faili limeharibika, kumbe makro zote zi salama na kilichokufa ni kitufe tu. Dawa yake ni kuweka kitufe cha aina ya kawaida na kukiunganisha na makro ileile. Kuiwasha upya ActiveX kwenye mipangilio inawezekana, ila mimi nisingeifanya kuwa suluhisho la kudumu.

La tatu ni njia utakayotumia kulipeleka faili kwenye kompyuta ya majaribio. Usilitume kwa barua pepe. Tangu 2022 Office imekuwa ikizuia makro katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na faili lililopakuliwa kutoka kwenye barua pepe huhesabiwa kuwa mojawapo, hata kama limetoka meza ya jirani. Utaona mstari mwekundu unaokataza, utaogopa bure, na utamwandikia mkurugenzi kwamba toleo jipya limekataa faili la mishahara. Linakili kwa flashi.

Katika kulijaribu, chukua mwezi ambao mishahara yake imeshalipwa na hesabu zake zimeshafungwa. Tengeneza nakala ya faili, lifungue kwenye toleo jipya, bonyeza KOKOTOA, kisha linganisha mstari kwa mstari na ulicholipa kweli, maana jumla kuu inaweza kulingana huku watu wawili wakiwa wamekosewa kwa kiasi kilekile, mmoja juu na mwingine chini. Baada ya hapo printi hati moja ya mshahara, chukua ile ya zamani ya mtu huyohuyo, ziweke moja juu ya nyingine na uziinue mbele ya dirisha lenye mwanga. Kama jina, makato na jumla vinakaa juu ya vingine bila kupishana, basi na upande wa uchapaji uko salama. Ni njia ya kienyeji, lakini jicho hugundua hapo mambo ambayo kwenye skrini lingeyapita.

Naomba pia usidhani kwamba kuhamisha programu kunahamisha faili. Faili la .xls litafunguka katika toleo jipya likiwa bado na mipaka yake ya zamani: mistari 65,536 na safu 256, ilhali mafaili ya muundo uliokuja na toleo la 2007 yana mistari 1,048,576 na safu 16,384. Kwa ofisi yenye kompyuta saba mistari hiyo inatosha kwa mishahara, lakini orodha ya wateja au ya mauzo yenu huenda nayo ni ya .xls, na hiyo hukua. Mwaka 2020 Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza, ilikuwa ikikusanya majibu ya vipimo vya UVIKO-19, na katika hatua moja ya safari yake takwimu zilipitishwa kwenye mafaili ya .xls. Mistari ilijaa, ya ziada ikaachwa nje bila mtu kujua, na majibu 15,841 ya watu walioambukizwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hayakuingia kwenye hesabu za kila siku, hivyo kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ikachelewa.

Ukisharidhika na majaribio, lihifadhi faili la mishahara katika muundo mpya, lakini liwe .xlsm, wala lisiwe .xlsx. Herufi hiyo moja ina uzito mkubwa. Faili la .xlsx haliwezi kubeba makro. Excel itakuonya kwa kisanduku kirefu cha maneno na kukuuliza kama uendelee, nawe ukibonyeza ndiyo kwa mazoea, kama wengi wetu tufanyavyo, faili litahifadhiwa bila makro hata moja. Lile la .xls lifungie kwenye folda ya akiba na usiliguse.

Kuhusu matatizo mnayoyapata kutoka nje, umeyaeleza vizuri kiasi kwamba ninaweza kuyataja kwa majina. Herufi _xlfn ni alama ambayo Excel huiweka mbele ya fomula isiyoijua. Bila shaka mkaguzi wako alitumia kitu kama XLOOKUP, fomula mpya ya kutafuta taarifa ndani ya jedwali, ambayo haimo katika matoleo ya 2016 na 2019. Uliona namba vizuri kwa sababu Excel ilikuonyesha jibu lililohifadhiwa na mkaguzi. Ulipobadilisha kiasi ikalazimika kukokotoa upya, ikashindwa. Hili linanitia wasiwasi kuliko ule mkataba, kwa kuwa ungeweza kulisoma faili hilo, ukaliamini na kulitolea uamuzi bila kujua kwamba hesabu zake zimekufa. Ule mkataba nao huenda uliandikwa kwa Aptos, fonti ambayo tangu 2023 imechukua nafasi ya Calibri kama fonti ya kawaida ya Microsoft 365. Kompyuta zenu hazina fonti hiyo, Word ikaweka nyingine inayokaribiana, maneno yakachukua nafasi kubwa kidogo katika kila mstari, na kufikia mwisho wa waraka mistari michache iliyozidi ikatosha kuisukuma saini.

Mkihama, matatizo hayo mawili yataisha kwenu, lakini mtaanza kuwasababishia wengine, maana wapo wateja watakaobaki na matoleo ya zamani. Muwe na utaratibu: kinachotumwa ili kisomwe na kusainiwa kiende kama PDF, na faili la Excel litakalotumiwa na watu wa nje litumie VLOOKUP au zile fomula nyingine za zamani ambazo kila toleo linazielewa. Ndani ya ofisi yenu, kipindi cha kuwa na matoleo mawili kwa pamoja kiwe kifupi iwezekanavyo, kwa sababu mtaanza kutengenezeana #NAME? wenyewe kwa wenyewe.

Mhamie wapi? Office 2021 iondoe kwenye orodha hata kama mtu atawapa kwa punguzo, kwa sababu huduma yake ina mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026. Zinabaki njia tatu. Office 2024 inalipiwa mara moja, leseni moja kwa kompyuta moja, haiongezewi mambo mapya, na huduma yake inafika tarehe 9 Oktoba 2029. Microsoft 365 inalipiwa mfululizo na inasasishwa wakati wote. Malipo yakikatika, baada ya muda programu zinabaki za kusoma na kuprinti tu, huwezi kuhariri chochote. LibreOffice haina malipo kabisa, imekuwepo tangu 2010, inafungua na kuhifadhi .docx na .xlsx, na muundo wake wa asili, ODF, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006.

Kwa ofisi ambayo kazi yake yote ni barua na majedwali mepesi, ningeitetea LibreOffice bila kusita, na ninasikitika kwamba watu huipita kwa sababu tu hakuna muuzaji wa kuwatajia. Lakini makro za Excel inaziendesha kwa sehemu tu, na faili lenye nenosiri usilolijua si la kubahatisha nalo. Nikiwa mahali pako ningependekeza Office 2024 kwa kompyuta zote. Microsoft 365 ina faida ya kweli pale watu watatu wanne wanapohariri faili moja kwa wakati mmoja, na sikuona katika barua yako kwamba mnafanya hivyo. Muulize pia mkurugenzi ni nani atakayehakikisha malipo hayapiti tarehe yake, kwa sababu ofisi isiyo na mtu wa kazi hiyo inaweza kujikuta inaangalia mishahara yake kwenye skrini bila kuweza kuandika namba.

Kabla ya kuagiza leseni, fundi akague kompyuta zenyewe. Office 2024 inahitaji Windows 10 au 11, kumbukumbu isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 4 kwenye diski. Huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikoma siku ileile, 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza ya marekebisho. Ikiwa baadhi ya kompyuta zenu haziwezi kupanda hadi Windows 11, mkurugenzi ajue tangu sasa kwamba anaamua kuhusu kompyuta pia, asije akalipia leseni ya mashine inayokaribia kustaafishwa.

Kijana wa mauzo umwambie hapana. Vifaa vya kuvunja leseni huwa na kawaida ya kumtaka mtu azime kwanza kinga ya virusi, na anayeizima amemfungulia mlango mtu asiyemjua, kwenye kompyuta yenye majina na akaunti za benki za wafanyakazi wenzake. Tunahama ili kuziba matundu. Hatuwezi kuanza kwa kutoboa kubwa kuliko yote.

Katika pendekezo lako, basi, omba siku ya kuanza iwe wiki moja baada ya mishahara kulipwa, ili mpate karibu wiki tatu za kupumua. Siku hiyo ihamishwe kompyuta moja tu, ile ya mapokezi au ya mauzo, na hapohapo ufanyie majaribio ya faili lako. Yakifaulu, zifuate nyingine tano ndani ya siku chache, na nakala za mafaili yote ziwe zimewekwa kwanza kwenye diski ya nje ambayo baadaye itachomolewa. Kompyuta ya saba ibaki na Office 2016, ikate uhusiano wake na intaneti, na ikae hivyo hadi miezi miwili ya mishahara ipite salama. Ninasema kompyuta nzima kwa sababu matoleo mawili ya Office kwenye mashine moja hugombana, na fundi akikuahidi kwamba atayaweka pamoja, mwambie nimesema asijaribu.

Limebaki lile nenosiri. Majaribio yote niliyoyaeleza yatakuonyesha kama makro zinafanya kazi, lakini zikikataa hutaweza kuzirekebisha bila kuzifungua. Mhasibu aliyekutangulia alihama kazi, hakuhama dunia. Mtafute, mweleze kwa heshima, mwombe nenosiri na alasiri moja ya muda wake akae nawe mbele ya faili, naye akueleze kila makro inafanya nini huku ukiandika, na mkurugenzi amlipe kwa muda huo kama anavyomlipa fundi. Fanya hivyo wiki hii, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa pendekezo.